Komite ya Kinga ya Mama Fidès

Kila Jumapili ibada ikifika kwenye matangazo, Mama Fidès alikuwa na desturi ya kuvua viatu kimyakimya chini ya benchi ili miguu ipumue. Kwa hiyo siku ile mzee Papa Bisimwa, msoma matangazo, alipolitaja jina lake mbele ya kanisa zima na kumwomba asimame, alisimama peku, na watu wa mbele waliogeuka kumtazama wakadhani ni unyenyekevu.

Miguu ile ilikuwa na haki ya kupumua. Tangu Januari Mama Fidès alikuwa fundi wa nguo katika shule moja ya bweni ya wasichana, kilomita tisa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, upande wa vilima vya Dowa. Alishona sare, alirefusha sketi za waliorefuka, alirudishia vifungo ambavyo wasichana wale, kwa njia wanayoijua wenyewe, waling'oa kila wiki. Kazi aliipenda. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa na duka lake la ushonaji lenye kioo kirefu na vyerehani vinne, na hapa Malawi alikuwa amekaa miaka sita bila kushika mkasi wa maana. Lakini kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, kila siku ya kazi, na furushi la vitambaa kichwani, hilo halikuwa jambo la kupendwa na mtu yeyote mwenye magoti.

"Dada yetu Annie hajatusahau," Papa Bisimwa alitangaza. Annie alikuwa mwimbaji wa kwaya yao kabla ya kupata bahati ya kuhamishiwa Canada. Huko aliwasimulia waumini wenzake habari za mwanamke anayetembea kilomita kumi na nane kwa siku, nao wakachanga. Papa Bisimwa alikunjua barua na kuitafsiri polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani: yanunuliwe magurudumu mawili, ya bei ya kadiri, yasiyosumbua kwa matengenezo, ya kumfikisha Mama Fidès kazini kila siku.

Kanisa likapiga makofi. Baiskeli watu wa Kivu wanaiita kinga, Warundi wanaiita ikinga, na Wamalawi wenyeji njinga, kwa hiyo ni moja kati ya mambo machache ambayo Dzaleka nzima inakaribia kukubaliana. Mama Fidès akaketi, akavitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, na moyoni alikuwa ameshaanza kupanda.

Baada ya ibada alimfuata Papa Bisimwa nje. "Papa, asante sana. Tutaenda kuinunua siku gani?"

Papa Bisimwa alimtazama kwa huruma. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, aliyekuwa mkaguzi wa shule Kivu ya Kusini kwa miaka ishirini, na koti lake la ukaguzi bado alikuwa nalo. "Mama Fidès, kinga haiko tomate, mutu anapita anaokota. Hizi feza ni za bantu benye balichanga. Tutafanya komite."

Haifai kumwonea Papa Bisimwa. Mwizi hakuwa, na katika miezi yote iliyofuata haikupotea hata tambala moja, sarafu ndogo kabisa ya Malawi. Alichokuwa nacho ni imani kwamba jambo likifanywa haraka limefanywa vibaya, na hiyo imani alitoka nayo nyumbani, akavuka nayo mipaka mitatu bila mtu kumnyang'anya.

Komite ilikutana Jumatano. Prezidenti alikuwa Papa Bisimwa. Sekretere alikuwa Vainqueur, kijana aliyesoma maendeleo ya vijijini mpaka mwaka wa tatu, na aliyetembea na mkoba wa kompyuta ambao ndani yake mlikuwa na daftari. Mshauri wa upande wa akina mama alikuwa Mama Lucie, mke wa mchungaji. Mama Fidès alialikwa pia, akapewa kiti karibu na mlango. Kwenye daftari Vainqueur hakumwandika kwa jina. Aliandika "bénéficiaire", yaani mwenye kufaidika.

Saa ya kwanza iliishia kwenye jina la komite. Saa ya pili walizungumzia kama kinga iwe na chuma kile cha katikati au isiwe nacho. Mama Lucie alitaka isiwe nacho, kwa sababu ya sketi, na iwe na kikapu mbele. Vainqueur alisema siku hizi dunia imeendelea, watu wanapanda kinga za gia. Ndipo akakumbuka kumgeukia mtu wa mlangoni.

"Mama Fidès, kupanda unajua?"

"Najua. Mi nilikomalia Kamanyola, tangu mutoto, kule ku uwanda. Nilipanda kinga mbele ya kujua kusoma."

Vainqueur akaandika: bénéficiaire anajua.

Kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, Mama Fidès akaendelea. "Na mi, kama munaweza kunisikia, sitaki gia. Nataka ile nyeusi, nzito, ile bantu ba kabaza banapandaka. Karia ikuwe nguvu, ju ya vitambaa. Ni hiyo tu."

Kabaza ni wale vijana wanaobeba abiria nyuma ya baiskeli, kwenye karia iliyowekewa mto. Wako kila njia panda ya Malawi, na hakuna asiyewahi kupakiwa nao, lakini kupakiwa ni jambo moja na kufanana nao ni jambo jingine.

"Mama muzima wa kanisa juu ya kinga ya kabaza?" alisema Mama Lucie kwa upole. "Bantu batakusimamisha bakuulize bei."

"Maoni ya bénéficiaire iko point ya mwisho," alisema Papa Bisimwa. "Tutayifikia."

Giza likaanza kuingia kabla ya point ya mwisho kufikiwa, wakafunga kwa sala.

Hiyo ilikuwa Mei. Juni komite iliomba ruhusa za kutoka kambini na kwenda Lilongwe kufanya utafiti. Walikwenda mtaa wa Chilinde, wakazunguka sokoni siku nzima. Julai walikwenda mtaa mwingine, Area 36, kwa kuwa Vainqueur alisikia huko bei ziko chini. Agosti walikwenda Area 49, nyumbani kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama na kuuza vitu. Nauli na chakula walijilipia wenyewe, na Mama Lucie alitoka Area 49 na malengelenge kwenye visigino, jambo lililomfanya azungumzie shida ya kutembea kwa uchungu ambao Mama Fidès hakuwahi kuusikia kwake kabla.

Ripoti ilisomwa Septemba. Walikuwa wameona kinga kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya gia ishirini na moja, nzuri kuitazama, lakini gia ishirini na moja maana yake ni mambo ishirini na moja ya kuharibika. Ya nne ilikuwa na springi mbele na nyuma, ukikaa inazama kama godoro. Ya saba ilikuwa nyekundu mno. Ya tisa, ya yule mzungu, haikuwa na mnyororo bali mkanda wa mpira, na mwenyewe aliapa kwamba haijaguswa na fundi kwa miaka minane. Ilikuwa kamili, ila bei yake ingetosha kununua ng'ombe. Ya kumi na moja ilikuwa nyeusi, nzito, ya chuma, bei yake ya kadiri. Walipofika hapo Mama Fidès akanyoosha shingo. Lakini komite haikuweza kuinunua, Vainqueur alisoma, kwa kuwa siku hiyo walikwenda kwa ajili ya utafiti na si kwa ajili ya manunuzi.

"Sasa hatua yenye kufuata," alisema Papa Bisimwa, "ni critères, vigezo vya kuchagulia."

Mama Fidès alirudi nyumbani akiwa hana hasira bado. Alikuwa na kitu kingine, kitu cha aibu kidogo. Kila mtu aliyekutana naye njiani tangu Mei alimpa hongera ya kinga. Mafundi wenzake, majirani, hata muuza chumvi. Wengine walimwomba wapande siku moja tu. Naye alijibu "asante, asante" huku anatembea kwa miguu, na miezi ilivyozidi kwenda, zile hongera zilianza kumchoma kama mtu anayepewa pole kwa msiba ambao haujatokea.

Mvua za kwanza zilianguka katikati ya Novemba. Udongo wa njia ile ukilowa hukushika mguu kama unakudai. Asubuhi moja Mama Fidès aliteleza kwenye mteremko wa mwisho kabla ya shule, akaenda chini na furushi lote, na sketi kumi na nne za kidato cha kwanza, zilizopigwa pasi jana yake, zikalala kwenye tope. Alifika wasichana wameshaingia madarasani.

Mkuu wa shule, mama Mmalawi mwenye sauti ya chini, hakumfokea. Alimpa taulo, akamwagizia chai. Kisha akasema kwamba anamheshimu sana Amayi Fidès, na kwamba mikono kama ile haipatikani kila siku, lakini mvua zitaendelea mpaka Machi, na yeye anahitaji fundi anayefika kabla ya kengele. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Mama Fidès alisema zikomo, asante ya wenyeji, akanywa chai yote, akafua sketi kumi na nne.

Jioni hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Nibigira.

Nibigira alikuwa Mrundi, mjane, fundi wa baiskeli pembeni ya soko la kambi. Kazi aliijulia kwa marehemu mumewe, kwa kumshikia spana miaka tisa, na mume alipofariki aliendelea tu kushika. Alimsikiliza Mama Fidès bila kuinua macho kwenye rimu aliyokuwa akiinyoosha.

"Miezi saba?" aliuliza.

"Miezi saba."

"Na katika hiyo komite, nani anapanda ikinga?"

Swali hilo halikuwahi kuwa kwenye ajenda.

Jumamosi wakaenda Lilongwe wawili, wakashuka Chilinde. Mama Fidès alikuwa na akiba aliyoiweka kwa ajili ya cherehani, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya blauzi. Nibigira alikuwa na spana moja na macho yake.

Nibigira alikuwa na adabu yake mwenyewe ya kuchagua. Rangi hakuiangalia. Aliinua gurudumu, akalizungusha, akaweka sikio karibu na mhimili kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Akapitisha kidole kwenye maungio ya fremu kutafuta mahali palipochomelewa. Akashika kanyagio na kulitikisa. Muuzaji mmoja aliwafuata akisifia kinga yenye gia sita.

"Mama," Nibigira alimwambia Mama Fidès, "usijiulize kama iko nzuri. Zote ziko nzuri leo. Jiulize siku itakufa, saa kumi na mbili ya asubuhi, kule porini, nani anakusaidia. Hii ya gia, kifaa chake utakitafuta mpaka Lilongwe. Ile nyeusi, tairi yake inauzwa mpaka kwenye duka la sukari. Spoki zake mi niko nazo. Breki zake ni vyuma, hakuna waya ya kukatika. Inaharibika, ndiyo, usidanganywe. Lakini inaharibika kwa namna yenye kila mutu anajua."

Waliipata karibu saa sita, imeegemezwa ukutani nyuma ya wauza viazi. Ilikuwa ya kijana wa kabaza aliyekuwa ananunua pikipiki. Nyeusi, madigadi zote mbili zipo, kifuniko cha mnyororo kimebonyea lakini kipo, karia ya vyuma vinene na mto wa plastiki wenye maua. Nibigira aliyasikiliza magurudumu yote mawili, akabadilisha uso kidogo, akaificha furaha haraka kabla muuzaji hajaiona.

"Jaribu," alisema.

Mama Fidès alifunga kitenge chake vizuri, akapitisha mguu. Ilikuwa miaka zaidi ya ishirini tangu apande mara ya mwisho. Aliyumba mara mbili, akamkosakosa muuza viazi, na halafu mwili ukakumbuka peke yake. Alikwenda mpaka mwisho wa njia ile ya soko, akageuka. Katikati ya kurudi bwana mmoja mwenye mkoba alimpungia mkono asimame.

"Amayi, mpaka Area 36 ni bei gani?" bwana aliuliza kwa Chichewa, kwa adabu kabisa, akiwa ameshaanza kuinua mguu.

Mama Fidès alimwambia leo hafanyi kazi. Aliporudi kwa Nibigira alikuwa anacheka mpaka machozi, na Nibigira akamwonya kwa jicho aache, bei itapanda.

Akiba haikutosha. Lakini dada wa yule kijana alikuwa anaolewa kabla ya Krismasi, na wasimamizi wanne hawakuwa na magauni. Mama Fidès alitoa futi ya kupimia, ambayo haimtoki shingoni hata siku ya mapumziko, na makubaliano yakafanyika hapo hapo. Wakatoka Chilinde wakiwa na kinga.

Nibigira alitaka waipakie kwenye lori la kabichi. Mama Fidès akakataa, akasema anataka kuijua tabia yake. Wakaipanda mpaka Dzaleka, zaidi ya kilomita arobaini, kwa zamu, mmoja akikanyaga na mwenzake amekaa nyuma kwenye mto wa maua. Kwenye milima wote wawili walishuka na kusukuma. Kwenye miteremko walinyamaza, kila mmoja na sala yake. Walifika jua linapozama, mapaja yanatetemeka, na watoto wa block ya Mama Fidès wakakimbia mbele kutangaza kwamba komite imemaliza kazi.

Jumatatu alifika shuleni dakika ishirini kabla ya kengele. Hakuwa na la kufanya kwa dakika ishirini. Alikaa kwenye ngazi ya karakana yake, akaitazama kinga imeegemea ukuta wa shule, tope mpaka kwenye mhimili, na akahisi jambo ambalo alikuwa amelisahau tangu Bukavu: kwamba siku imeanza na yeye ndiye aliyeianzisha.

Komite ilikuja nyumbani kwake Jumanne. Papa Bisimwa hakukasirika, alihuzunika, na hilo ni gumu zaidi kulijibu.

"Mama Fidès, umetukata njia. Tulikuwa tunafika ku critères za mwisho."

"Papa, unisamehe. Mvua haikungoja."

Mzee alizunguka kinga mara tatu, mikono nyuma. Akabonyeza tairi. Akamwambia Vainqueur aandike: nyeusi, bila gia, breki za vyuma. Kisha akasema komite itaizungumzia, akawaruhusu wenzake waende. Yeye mwenyewe alibaki, akisafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

"Nibigira alikuuliza neno moja," alisema hatimaye. "Bantu bamenifikishia."

Mama Fidès akamsogezea kigoda.

"Bukavu ni milima tu, mama. Nani alipandaka kinga Bukavu? Nilikuwa na gari ya serikali. Na shofere." Akavaa miwani. "Vainqueur naye hajui. Mama Lucie, usiseme. Tulikuwa tunaangalia, tunabonyeza, tunaandika. Mi nilikuwa naogopa mutu moya ataniambia: muzee, panda kidogo, tusikie."

Mama Fidès alitaka kucheka, kisha hakutaka tena. Aliona ghafla miezi saba yote kwa macho ya mzee yule: kila duka, kila muuzaji anayesema karibu ujaribu, na yeye anarudi nyuma hatua moja na kuuliza kuhusu rangi.

"Alhamisi natoka kazini saa tisa," alisema. "Uwanja wa mpira unakuwa wazi saa kumi na moja."

Alimfundisha wiki tano. Alishika kiti kwa nyuma na kukimbia naye, mwanamke wa miaka arobaini na mbili akimsukuma mkaguzi wa shule, na vijana wa mpira waliosubiri zamu yao waligundua kwamba kutazama kunapendeza kuliko kucheza. Papa Bisimwa alianguka mara saba. Hakulalamika hata mara moja. Kila akianguka alisimama, akaeleza kwa maneno fasaha ni kwa nini ameanguka, akapanda tena. Alhamisi ya tano Mama Fidès aliachia kiti bila kumwambia, na mzee akaenda nusu ya uwanja akiendelea kumpa maelekezo mtu ambaye hakuwepo nyuma yake.

Pengine ni kwa sababu hiyo kwamba mwezi uliofuata komite ilifanya jambo lisilotarajiwa: ilinunua. Papa Bisimwa alikwenda Chilinde mwenyewe, akaipanda kinga mpya, nyeusi, bila gia, breki za vyuma, akazunguka nayo mbele ya duka mara nne zaidi ya lazima, akalipa. Ilikuwa pacha wa ile ya Mama Fidès, ila haijabonyea.

Makabidhiano yalifanyika Jumapili, kwa utepe. Mama Fidès alisimamishwa, safari hii na viatu, akashika usukani, Vainqueur akapiga picha za kupeleka Canada. Kwaya ikaimba. Baada ya picha Papa Bisimwa aliuchukua usukani taratibu kutoka mikononi mwake.

"Kwa kuwa bénéficiaire ameshapata ingine," alieleza kanisa, "komite imeona hii ikuwe ya kanisa."

Mama Fidès alikuwa amelitegemea hilo, na hakulionea wivu. Alikuwa na lake la kusema. "Papa, basi muipe Rosette." Rosette alikuwa dada Mrundi aliyepata kazi ya jikoni shuleni kwa Mama Fidès tangu Januari, na alitembea kilomita zile zile tisa. "Anafika amechoka mbele ya kuwasha moto."

Watu wakaitikia kwamba ni wazo zuri. Papa Bisimwa naye aliona ni wazo zuri. Alisema wazi kwamba ni wazo zuri sana, ndiyo maana haifai kuliharibu kwa haraka, kwa kuwa wanaotembea ni wengi na kila mmoja ana haki ya kufikiriwa. Itaundwa komite ya kuchagua bénéficiaire mpya. Kwa sasa kinga itakaa stoo, chini ya kitambaa safi, na atakayeihitaji kwa dharura ataandika barua siku tatu kabla.

Julai Annie alipiga simu. Sauti yake ilikuja na mwangwi, kama anaongea ndani ya pipa. Alimwita yaya, kama watu wa Kivu wanavyomwita dada mkubwa.

"Yaya Fidès, huku bamefurahi sana. Rapport ya Vainqueur imesomwa mbele ya bantu bote. Miezi sita, hakuna hata tairi moya yenye kupasuka, hakuna spoki, hakuna mafuta. Banauliza ni kinga ya namna gani, isiyosumbua vile."

Mama Fidès alikuwa amekaa nje, mikono ina grisi, kwa sababu kinga yake mwenyewe ilikuwa juu chini mbele yake na Nibigira alikuwa anabadilisha tairi ya nyuma kwa mara ya pili. Angeweza kujibu kwa namna nyingi. Alichagua kumweleza Annie yote, tangu Mei ya mwaka uliopita mpaka kitambaa cha stoo, bila kumsema mtu vibaya, kwa sababu hakukuwa na mtu mbaya wa kusemwa.

Annie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo siwezi kuwaambia," alisema Annie. "Picha bameshaiweka ukutani."

"Usiwaambie. Waambie tu mi nafika kazini."

"Na Rosette?"

"Komite inakutana leo."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa ikikutana tangu Februari, na mjadala wa safari hii ulikuwa kama anayetembea mbali aanze kabla ya anayetembea na mzigo. Papa Bisimwa alitokea kabla simu haijakatwa, amevaa koti, amechelewa, akaangalia kinga iliyopinduliwa kwa masikitiko ya mtu aliyetaka kuiazima. Kuchukua ile ya stoo hakuweza. Angelazimika kujiandikia barua mwenyewe na kujijibu baada ya siku tatu.

"Dakika tano, muzee," alisema Nibigira bila kuinua kichwa, akijaza upepo.

Mama Fidès alimpa. Mzee alipanda, akakaa wima kama anaingia darasani, akaelekea kanisani. Mama Fidès alimkumbusha kwa sauti kuhusu breki ya mbele, na airudishe kabla ya giza.

Aliirudisha. Asubuhi yake, kabla ya jua, Mama Fidès aliitoa nje, akafunga furushi la vitambaa kwenye usukani, akagonga mlango wa nne upande wa kushoto. Rosette alitoka na leso yake kichwani, akakaa nyuma kwenye mto wa maua, upande upande, akamshika kiunoni, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mwezi wa pili. Karia ililia kidogo, kwa hiyo Jumamosi itabidi ampelekee Nibigira ayatazame yale maungio. Mama Fidès alikanyaga mara mbili tatu kwa nguvu mpaka kinga ikashika mwendo, na wakashika njia ya Dowa.